Lango la Shule Lataka Mtu, Si Kufuli Tupu



Leo siandiki juu ya mshahara wetu wala juu ya buti za kazi zinazochelewa. Nataka kuandika juu ya lango la shule. Sisi sote twapeleka watoto wetu huko asubuhi, kisha twaenda kazini na kuwaacha mikononi mwa watu wengine. Yule anayesimama langoni ndiye anayetufanya tushike nyundo kwa moyo mtulivu. Na yeye pia ni mfanya kazi kama sisi, ingawa mara nyingi twamsahau.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Muhula uliopita nilitoka kazi ya usiku, nikapita shule moja hapa Kapsoya, ambayo sitaitaja jina, kumpelekea binti yangu kitabu alichokisahau nyumbani. Nilikuwa bado nimevaa nguo za kazi, yaani koti la kung'aa na buti, na spana ndefu i mkononi. Lango lilikuwa wazi nusu. Nikapiga hodi, kimya. Nikapiga tena, kimya. Nikaingia. Nikapita mbele ya ofisi, nikapita jiko, nikafika mlangoni pa darasa la nne. Njiani nilikutana na mwalimu mmoja, akanisalimu vizuri, akaniuliza, "Fundi, maji yamekatika tena?" Akaenda zake. Nikampa mtoto kitabu chake, nikatoka kama nilivyoingia. Hakuna aliyeniuliza jina langu, wala natafuta nani, wala ile spana ni ya nini.

Ndugu zangu, nilipofika barabarani moyo ulianza kunipiga. Nilijiuliza: kama mimi nimeingia hivi, ni nani mwingine amekwisha ingia hivi? Koti kama langu lauzwa sokoni, na kila mwenye fedha kidogo aweza kulinunua. Watoto walipokuwa wakisoma, ulinzi wao wote ulikuwa ni huo tu, kwamba mimi sikuwa mtu mbaya.

Juma lililofuata palikuwa na mkutano wa wazazi. Nikasimama nikasema yale niliyoyaona. Nilidhani nafanya jema, kumbe nimemtia mwenzangu mashakani. Mara maneno yakaanza kutoka kila upande: mlinzi ni mvivu, mlinzi ni mzee, afukuzwe leo leo. Akaitwa. Akaja amevua kofia yake, akasimama mbele ya watu ambao wengi wao angeweza kuwazaa. Akaulizwa, "Mzee, siku ile saa tatu asubuhi ulikuwa wapi?" Akajibu kwa upole, "Nilikuwa nimetumwa sokoni kuleta kabeji za watoto."

Basi tukaanza kujua habari zake. Yeye ndiye mlinzi wa mchana, na ndiye mlinzi wa usiku. Ndiye apasuaye kuni za jiko, ndiye apigaye kengele, ndiye afyekaye majani, na ndiye atumwaye sokoni. Siku ya mapumziko hana. Kibanda hana, na mvua ya Eldoret mwaijua. Usiku baridi ya Kapsoya inapofika mifupani, yeye huota moto wa vipande vya mbao nyuma ya jiko, na hapo lango halionekani. Mshahara wake ulitajwa mbele yetu. Sitauandika hapa, maana ni aibu yetu sisi wazazi kabla haijawa aibu ya mtu mwingine.

Nikaona haya. Nikasimama mara ya pili, nikasema kwamba mtu mwenye kazi tano hawezi kulaumiwa kwa kuiacha moja. Wachache waliniunga mkono. Mzazi mmoja, mtu mwenye duka na mwenye sauti, akasema mambo ya mtu yana matata. Heri tununue kufuli kubwa na mnyororo, lango lifungwe saa mbili asubuhi mpaka saa tisa, ufunguo ukae ofisini, na madirisha ya madarasa yote yatiwe vyuma. Fedha itakayobaki kwa kumwachisha mzee kazi italipia kufuli. Watu wengi wakapiga makofi. Mkutano ukafungwa bila kukata shauri, na mambo mawili haya, mzee na kufuli, yatarudi mkutano ujao. Ndiyo sababu naandika sasa, wala sisubiri.

Nasema hivi: kufuli peke yake si ulinzi. Kufuli haijui nani yu nje wala nani yu ndani. Siku ya hatari humzuia mtoto vile vile kama imzuiavyo mwizi, na pengine zaidi.

Nchi yetu imekwisha jifunza jambo hili kwa uchungu mkubwa, kisha ikalisahau. Mwezi wa Machi mwaka 1998, katika shule ya wasichana ya Bombolulu huko Pwani, wasichana 26 walikufa bweni lilipowaka moto. Madirisha yalikuwa na vyuma. Mwezi wa Machi mwaka 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, bweni lilimwagiwa petroli na kuwashwa usiku. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Wavulana 67 walikufa. Vyuma vile viliwekwa na watu waliotaka usalama, na havikuzuia adui, maana huko Kyanguli moto uliwashwa na watu wa humo humo shuleni. Viliwazuia watoto. Na msidhani mambo haya ni ya zamani tu. Mwezi wa Septemba mwaka 2024, huko Endarasha, Nyeri, wavulana 21 walikufa kwa moto katika bweni moja lililolaza watoto zaidi ya 150.

Tena si moto peke yake. Tarehe 3 Februari 2020, katika shule ya msingi ya Kakamega, watoto walikuwa wakitoka madarasani kwenda nyumbani jioni. Wakasongamana kwenye ngazi, wakaangukiana, na watoto 14 wakafa. Ilikuwa ni shida ya njia ya kutokea tu. Sasa fikirini hofu kama ile, halafu mbele yao pana lango lenye mnyororo, na ufunguo uko ofisini, na mwenye ofisi amekwenda benki.

Baada ya misiba hii, mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa kitabu cha kanuni za usalama shuleni. Kanuni zake ni wazi. Milango ya bweni ifunguke kwa nje, iwe na upana usiopungua futi tano, wala isifungwe kwa nje wakati wo wote watoto wamo ndani. Madirisha yasiwe na vyuma, na yafunguke kwa urahisi. Bweni liwe na mlango kila mwisho, na mlango wa hatari katikati. Kwa hiyo yule bwana wa duka, aliyepigiwa makofi, alikuwa akitushawishi turudi nyuma kwa mambo ambayo watoto wa wenzetu wamekwisha yalipia.

Mtu aweza kunijibu, "Basi wewe wataka shule iwe wazi kama soko?" Hapana. Adui wa nje yuko, na tumemwona. Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, watu wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Waliwaua walinzi wawili langoni, ambao hawakuwa na silaha, kisha wakaingia mabwenini. Watu 148 walikufa, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Kikosi maalumu cha polisi kutoka Nairobi kilifika baada ya saa nyingi kupita. Sisi wa Eldoret hatuwezi kusema jambo hilo ni la mbali, maana wanafunzi waliosalimika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, hapa hapa kwetu, wakamalizia masomo yao huku wakikumbuka wenzao.

Mwaka 2017, huko Lokichogio, Turkana, watu wenye silaha waliivamia shule ya sekondari usiku, wakaua wanafunzi na mlinzi wa shule. Mwezi wa Juni mwaka 2023, huko Mpondwe, Uganda, waasi waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha. Wavulana walijifungia bwenini, na wale waasi wakalichoma moto. Watu 42 waliuawa, wengi wao wanafunzi, na mlinzi wa shule naye alikuwa miongoni mwao.

Tazameni jambo moja katika habari hizi tatu: Garissa, Lokichogio, Lhubiriha. Kila mahali mlinzi wa shule alikufa pamoja na watoto aliowalinda. Na kila tunapokusanyika kuomboleza, twataja wanafunzi, na ni haki kuwataja, lakini mlinzi hutajwa mwisho au hatajwi kabisa. Mtu ambaye kazi yake ni kukutana na hatari kabla ya wote, katika hesabu ya mishahara huwa wa mwisho.

Hata nchi tajiri zimeona kwamba kufuli haitoshi. Mwezi wa Desemba mwaka 2012, katika shule ya Sandy Hook huko Marekani, mlango ulikuwa umefungwa, na mgeni alipaswa kubonyeza kengele ndipo afunguliwe. Muuaji alipiga risasi kioo kando ya mlango, akapita hapo. Watoto 20 na watu wazima 6 walikufa. Sisemi ya kwamba lango halina faida. Nasema tusidanganyane kwamba chuma kitafanya kazi ya mtu, wala tusidanganyane kwamba mzee mmoja mwenye rungu atazuia bunduki. Bunduki ni kazi ya Serikali, na polisi wanapaswa kufika upesi. Kazi ya mlinzi ni nyingine, nayo ni ya kila siku: kumwona anayekuja, kumwuliza, kumwandika, na kupiga kengele mapema watoto wapate kuokoka.

Sisi watu wa reli tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na tangu siku hizo kanuni moja haijabadilika: treni haiingii sehemu ya njia mpaka ruhusa itolewe. Haiingii kwa kuwa dereva ni mtu mwema, wala kwa kuwa anajulikana. Lazima ruhusa itolewe, saa iandikwe, na ijulikane kwamba njia ya mbele ni tupu. Anayeshika kazi hiyo hatumwi sokoni wakati treni iko njiani. Hapasui kuni. Na akimaliza zamu yake, mwingine huingia, kwa sababu mtu asiyelala huua watu. Kama twalinda mizigo ya saruji na mafuta kwa uangalifu huo, je, watoto wetu ni duni kuliko saruji?

Wengine watasema kumwuliza mgeni maswali ni ukali wa kigeni, si desturi yetu. Watasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nawajibu, desturi yetu ni hodi. Kwetu sote, mtu hakuingia nyumba ya mwenzake bila kupiga hodi, na hakuingia mpaka aitikiwe karibu. Akipiga mara tatu asijibiwe, hurudi. Mimi mwenyewe siku ile nilipiga hodi, nikaingia bila kuitikiwa, na hilo lilikuwa kosa langu. Lakini hodi yataka mtu wa kuiitikia. Ndipo narudi kwa mzee wetu.

Mlinzi wa lango ataitikiaje hodi ikiwa yuko sokoni? Na akiwa yuko, je, ana nguvu ya kumzuia mtu? Mara nyingi mzazi mwenye gari hupiga honi, na mlinzi akichelewa hutukanwa. Fundi, diwani, mhubiri, muuza vitabu, kila mmoja asema, "Mimi najulikana hapa." Mlinzi akimzuia mkubwa, mkubwa huenda ofisini kushtaki, na mlinzi huonywa. Baada ya kuonywa mara mbili hujifunza kufunga macho. Kwa hiyo mlango ulio wazi si uvivu wake. Ni sisi tuliomfundisha.

Sheria iko upande wake, ingawa pengine hajapata kuambiwa. Sheria ya ulinzi wa binafsi ya mwaka 2016 yampa mlinzi uwezo wa kumtaka aingiaye ajitambulishe, na kuandika saa ya kuingia na ya kutoka. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi apate siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Na sheria ya fidia ya kuumia kazini, ya mwaka huo huo, yamtaka mwajiri amkatie mfanya kazi bima. Shule haikuachwa nje ya sheria hizi kwa sababu ni mahali pa watoto.

Kuna neno jingine ambalo ni gumu kulisema, lakini lazima lisemwe. Si kila hatari huja na uso mgeni. Mtoto huweza kudhuriwa na mtu anayefahamika, ambaye lango humfungukia kila siku. Mwaka 2010 Tume ya Kuajiri Walimu ilitoa waraka wa kuwakinga wanafunzi na unajisi wa walimu, na waraka kama huo hauandikwi bila sababu. Kwa hiyo kila aajiriwaye shuleni, awe mwalimu, mpishi, dereva au mlinzi, alete cheti cha tabia njema kutoka polisi, na mtoto awe na mtu wa kumwambia bila woga. Vile vile saa ya kwenda nyumbani. Mara ngapi mwanabodaboda huja langoni akasema, "Nimetumwa na mama yake," na mtoto hupakiwa akaenda? Pengine ni kweli. Siku isipokuwa kweli, tutalia kwa nani?

Mtauliza, fedha itatoka wapi? Swali hili ni la haki. Wengi wetu twahangaika na karo, na najua shule nyingi za Serikali hupata fedha zake zimechelewa. Lakini tazameni: lile kufuli, ule mnyororo na vile vyuma vya madirisha ni fedha. Kibanda cha mabati ni fedha ndogo kuliko hizo. Daftari na kalamu ni fedha ndogo zaidi. Na mambo makubwa kuliko yote hayana bei: kumwondolea mlinzi kazi za jikoni wakati wa masomo, na wazazi kukubali kuulizwa. La mlinzi wa pili wa usiku ndilo lenye gharama, na hapo lazima tusimame pamoja tuiombe Serikali iwahesabu walinzi wa shule katika fedha za shule, badala ya kuwaacha kwa michango ya wazazi ambayo leo iko, kesho haipo.

Kwa hiyo naomba kila mwanachama aliye na mtoto shuleni aende, kabla ya mwisho wa muhula huu, akaulize mambo haya sita:

1. Je, pana mtu langoni wakati wote watoto wanapokuwapo, na kazi yake ni hiyo moja tu?

2. Je, ana kibanda, tochi, filimbi, koti la baridi na daftari la wageni, na ana simu ya kumwita polisi?

3. Je, kila mgeni huandikwa, hata mwenye gari, hata mwenye koti la kung'aa, na hupelekwa ofisini kabla ya kumwona mtoto?

4. Je, mabweni na madarasa hufunguka kwa ndani bila ufunguo, madirisha hayana vyuma, na pana njia ya pili ya kutokea mbali na lango kuu, yenye mtu wa kuifungua mara moja?

5. Je, watoto wamefanyishwa zoezi la kutoka upesi bila kusukumana?

6. Je, shule ina orodha ya watu wanaoruhusiwa kumchukua kila mtoto?

Jibu likiwa hapana, msianze kwa kumfukuza mlinzi. Anzeni kwa kuuliza ni nani aliyemtuma sokoni.

Na kwa viongozi wa chama chetu, naomba jambo moja. Walinzi nao wana chama chao nchini, lakini yule mzee wa shule ya kitongojini, aliyeajiriwa peke yake bila barua ya kazi, hana habari nacho. Tumtafute, tumwonyeshe njia. Sisi wa reli twajua maana ya kufanya kazi peke yako usiku, penye giza, huku maisha ya watu usiowaona yakitegemea macho yako.

Mimi nitakuwa kwenye mkutano ujao wa wazazi. Nitasema tena niliyoyasema, na safari hii nitaomba mzee apewe kiti, maana mara ile tulimsimamisha kama mshtakiwa. Nitamwomba radhi mbele ya watu wote kwa sababu niliingia bila kuitikiwa. Kisha nitamwomba kwamba siku nyingine nikija, hata akinijua, hata kama mvua yanyesha, anisimamishe pale pale aniulize, "Wewe ni nani, na wamtaka nani?"

Nami nitamjibu kwa heshima, nitaandika jina langu, na nitangoja.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanya kazi wa njia ya reli, Kapsoya, Eldoret.